Nilikwenda Kigoma na sentensi moja

Leo sikuletei habari za disko wala za nani kaonekana na nani wapi. Leo nakupeleka mwisho wa reli, Kigoma, nilikokwenda kujifunza Kiha nikiwa na miaka 26, ndevu zimeota, na jina la Kiha kwenye kitambulisho.

Usicheke. Wangapi humu mjini mnajiita Wahaya, Wachaga, Wanyakyusa, lakini bibi akipiga simu mnaanza kuhangaika nyumba nzima mkitafuta mtu wa kumkabidhi hiyo simu? Haya basi, tulieni niwape mkasa.

Baba yangu alifariki miaka miwili iliyopita, Dar es Salaam. Bibi, yaani mama yake mzazi, aliletwa kutoka Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa mji wa Kigoma, kwa boti kisha kwa treni. Alipofika tulikuwa tumeshazika. Hakulia mbele za watu. Aliniita uani, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akaniuliza kitu kwa sauti ndogo sana. Nilijua ni swali kwa sababu alinyamaza akawa ananingoja.

Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa akimtafsiria, alikuwa jikoni. Basi bwana, mtoto wa mjini nikafanya kile tunachofanya wote tukisemeshwa lugha tusiyoijua. Nikatikisa kichwa. "Ee, bibi. Ee." Bibi akafumba macho kidogo, akanipapasa kichwa, akaniachia. Nikajiona nimemaliza kazi.

Miezi mingi baadaye binamu yangu wa Kigoma, mtoto wa shangazi, akanipigia. "Bibi anauliza utakuja lini. Anasema alikuuliza kama baba yako alimwachia neno, na wewe ukamkubalia kwamba unalo. Anakusubiri uje umpe. Hataki lipitie kwenye simu."

Neno gani tena? Sikuwa na neno lolote. Baba alianguka kwa presha, akalala siku 5, na siku zote hizo hakusema la maana. Alikuwa anajenga Chanika, na akili yake ilikuwa hukohuko kwenye ujenzi. Mawe, mawe. Usiku kucha anataja mawe. Mama alimpigia simu dereva wa tipa, tukashushiwa tripu nyingine ya mawe ya msingi, nikaenda kuyapiga picha nikamwonyesha baba kwenye simu ili atulie. Hakutulia. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Sasa nikamwambie nini bibi?

Nikaamua jambo moja. Nitakwenda mwenyewe, nitamweleza ukweli, na nitamweleza kwa Kiha. Siwezi kumwambia mama wa marehemu kitu kama kile kwa kupitia mdomo wa mtu mwingine. Sentensi yenyewe fupi tu: Baba hakuacha neno. Maneno matatu kwa Kiswahili. Nikajipa wiki moja.

Utaniuliza, kwani baba mwenyewe hakukufundisha? Hakunifundisha hata "karibu". Mama ni Mzaramo, nyumbani ni Kiswahili kuanzia chai ya asubuhi mpaka chandarua. Lakini kisa chenyewe ni kirefu kuliko hicho. Babu yangu alikuwa manamba. Enzi za mkoloni mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa yakichota vijana wa Buha kwa maelfu, wakaja na namba zao shingoni, na huko pwani jina "Muha" likageuka kuwa tusi la mtu wa kubeba mizigo. Baba alikulia ndani ya tusi hilo. Halafu kuna hili la pili: Kiha na Kirundi vinafanana mno, mtu wa Kasulu na mtu wa Burundi wanaongea wanaelewana. Kwa hiyo ukifungua mdomo mjini, wa kwanza anakuita mbeba zege, wa pili anakuita Mrundi. Jina la babu, lile linaloishia na "imana", ambalo kwao ni Mungu, baba alilitumia pale tu serikali ilipomlazimisha. Kijiweni alikuwa mtu wa Pwani, tena mwenye kuzungumza kwa madaha.

Kilichonishangaza ni kwamba Kiha kidogo nilikuwa nacho na sijui. Wewe pia unacho. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya wakatoa wimbo wa Leka Dutigite, na tukaucheza mpaka kwenye kipaimara. Ulishawahi kujiuliza maana yake? Mimi sikuwahi. "Leka" ni acha. "Dutigite" ni tutikisike. Acha tutikisike! Somo la kwanza nililipata kwenye behewa, kwa jirani yangu mwenye magunia mawili ya viatu vya mtumba, tumeshaipita Tabora.

Treni niliyopanda siyo ile ya umeme inayowasifia wote tangu mwaka 2024. Ile inaishia Dodoma. Hii ni reli ya kati ya zamani, waliyoijenga Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Unalala humo, unaamka humo, unalala tena. Asali inauzwa dirishani Tabora, chumvi Uvinza, halafu ghafla milima inaachana na chini unaona maji. Nilidhani ni bahari. Mwenye mitumba akaniambia, "Hiyo ndiyo Tanganyika, kaka. Ng'ambo ile ni Kongo." Ziwa lina urefu wa kilomita kama 670 na kina chake kinapita mita 1,400, duniani kwa kina linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Sikuyafikiria hayo. Nilikuwa nafikiria sentensi yangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kujifunzia Ujiji. Niliona jina kubwa, kila mtu kalisoma shuleni, nikajua huko ndiko wenyewe walipo. Nikachukua daladala, mwendo wa kilomita kama 8 hivi kutoka stesheni. Jamani, Ujiji ni bomba. Miembe mikubwa, vibaraza, wazee wa kanzu, kina mama wamejifunga khanga kama uko Bagamoyo. Na ni Bagamoyo kweli, maana njia ya misafara ya pembe na watumwa ilianzia kule ikaishia hapa, na walioileta waliileta na Kiswahili chao. Nikamwamkia mzee mmoja kibarazani, shikamoo, marahaba. Nikamwambia, babu, nimekuja kujifunza Kiha.

Aliniangalia kama mtu aliyekwenda kwa muuza samaki akaulizia mkaa.

"Mjukuu wangu, hapa sisi ni Wamanyema. Wazee wetu walitoka ng'ambo, Kongo. Hapa lugha ni Kiswahili, na Kiswahili chetu ni cha zamani kuliko hicho chenu cha Dar."

Ukweli uliniuma, nikaenda kujipoza kwenye makumbusho ya Livingstone. Ndipo pale Stanley alipomkuta mwaka 1871. Salamu ya Stanley kila mtu anaijua. Lakini Stanley mwenyewe ameandika kwamba mtu wa kwanza kumsalimia Ujiji kwa Kiingereza hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, Mwafrika, aliyechomoka kwenye umati akamwamkia kwa lugha ya kwao. Nilisimama pale chini ya mwembe nikawaza, huu mji mgeni hajawahi kupata shida. Mzungu kaja, kasalimiwa Kizungu. Mimi nimekuja, nimesalimiwa Kiswahili fasaha kunizidi. Hapa nikikaa mwaka mzima nitaondoka na hadithi tu.

Nikala kona. Nikahamia Kibirizi kwa binamu.

Kibirizi ni mwalo, kaskazini kidogo ya mji. Ukifika pua ndiyo inatangulia. Dagaa! Wamemwagwa kwenye mchanga na kwenye vichanja vya wavu, wanameta kama mtu kapasua vioo. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa, zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi za betri, na dagaa wanaufuata mwanga wanaingia kwenye wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu na kubishana mpira. Nilifika siku za mwisho za giza, kazi imepamba moto. Binamu anafanya biashara ya dagaa, akanikabidhi kwa kina mama wanaoanika. "Huyu ni wetu ila hajui kitu. Mfundisheni."

Ada yangu ilikuwa kubeba mabeseni.

Salamu kwanza. Asubuhi ni "mwakeye", na wenye adabu zao wanapiga makofi taratibu huku wameinama kidogo, makofi ya viganja vilivyokunjwa, pu, pu, pu. Siyo makofi ya mkutano. Mimi nilianza kwa kupiga ya mkutano, watu wakageuka. Neno lenyewe, nilivyolielewa, lina undugu na kucha, yaani ni kama kumwambia mtu kwamba kumekucha na wewe umo. Mimi nikalipenda mno, nikawa nampa kila mtu saa yoyote, mpaka mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, jua linazama kule Kongo, wewe bado kwako kunakucha tu?"

Halafu majina ya vitu. Hapa mtoto wa Kiswahili una mtaji. Mtu ni umuntu. Watu ni abantu, hiyo b wanaipuliza laini, midomo kama haitaki kugusana. Kitu ni ikintu. Maji ni amazi. Mwana ni umwana. Unaona mchezo? Unachukua neno unalolijua, unaliwekea irabu mbele, nusu ya safari umemaliza. Siku ya kwanza nilijisikia profesa. Nikaanza kuwekea irabu kila kitu. Nikasema "imeza", nikasema "isahani". Wakanywea chai vicheko vyangu mpaka jioni.

Siku ya pili uprofesa ukaisha. Kwanza hata jina la lugha nilikuwa nakosea. Sisi tunasema Kiha. Wenyewe wanasema Igiha. K imekwenda wapi? Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akanieleza kwa mfano wa wimbo uleule. Tungesema "tutigite", lakini t mbili zikifuatana zinakwaruzana, kwa hiyo ile ya mbele inalainishwa inakuwa d. Dutigite. Na k ndiyo hivyohivyo, inageuka g. Nikamuuliza nani kakufundisha. Akasema hakuna, ukisema vingine ulimi unakataa. (Niliporudi Dar nikagundua kuna mama wa Finland, Lotta Harjula, kaandika kitabu kizima cha sarufi ya Kiha, kimetoka mwaka 2004. Finland! Kwenye theluji! Na mimi mwenye jina nabeba mabeseni nikiulizia k.)

Pili, sauti. Kiswahili chetu hakipandi wala hakishuki, kila neno tunalikanyaga sehemu moja tu. Kiha kinapanda, kinashuka, na irabu nyingine inavutwa. Siku ya tatu, kwa sababu ya migebuka niliyokula na ugali wa muhogo kama mtu aliyetoka jela, tumbo likanikamata. Tumbo ni "inda". Nikaenda kwa mama mwenye kibanda nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba nina inda. Akarudi nyuma hatua mbili. Akamshika mwanawe akamvuta. Kumbe chawa nao ni "inda", tofauti iko kwenye mlio tu, na mimi nilikuwa nimeulia wa chawa. Mwalo mzima ulijua kabla sijafika chooni. Kwa siku mbili kila nikikaa kwenye benchi watu wanasogea kwa mbwembwe. Nikauchuna.

Kila jioni nilikuwa nawaomba ile sentensi yangu. Na kila jioni walinikatalia. Nilidhani wananifanyia utani.

"Baba hakuacha neno," nikawa nawaambia. "Hiyo tu. Nitaikariri."

Yule mama wa salamu za jioni, ambaye kwa umri ni shangazi yangu kabisa na ndivyo nilivyomwita, aliniambia, "Utamwambia mama wa mtu hivyo? Mimi mdomo wangu haukufundishi hiyo. Kasome kwingine."

"Lakini shangazi, ndiyo ukweli."

"Ukweli wa nani? Wewe ulikuwa unamwelewa?"

Nikanyamaza. Sikuona kama kuna kitu cha kuelewa.

Siku ya tano asubuhi tulikuwa tunawahi kuanua kabla ya mvua, wingu limetanda upande wa Kongo. Msichana mmoja, beseni kichwani, alikanyaga pale palipolowa karibu na maji, mguu ukamtoka, akaenda chini kwa goti. Dagaa wote mchangani. Na pale anaanguka akapiga kelele:

"Mawe!"

Nikakimbia kumwinua. Nikaangalia chini ya goti lake, mchanga mtupu, laini kama unga. Nikamuuliza, "Mawe yako wapi? Umejigonga wapi?" Watu wakacheka. Nilishazoea, nikacheka nao.

"Siyo mawe ya kujengea, we mtoto wa Dar," alisema shangazi huku akiokota dagaa. "Mawe ni mama. Mtu akiumia anamwita mama yake. Hata mzee wa miaka 80, maumivu yakimzidi utamsikia."

Nilimwomba arudie. Akarudia, a ya kwanza kaivuta kidogo.

Msomaji, sitakudanganya nikakwambia niliona mbingu zimefunguka. Nilikaa chini kwenye mchanga wenye dagaa. Nilikuwa nakumbuka tipa. Namkumbuka yule dereva akirudi kinyumenyume uani Chanika, mama anamwelekeza, mimi nimeshika simu napiga picha kokoto na mawe. Namkumbuka baba akiitazama ile picha, halafu akanitazama mimi, halafu akageukia ukutani.

Shangazi hakuniuliza kitu. Aliweka khanga yake mabegani mwangu kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Kesho yake tukapanda boti ya kaskazini. Boti hizi za mbao zenye mashine nyuma ndizo daladala za huku, zinapita vijiji vya pwani ya ziwa mpaka Kagunga mpakani, watu, magodoro, mbuzi, kreti za soda. Kabla ya kupanda, mtu mmoja mwenye daftari alitusimamisha. Mimi akaniuliza natoka wapi, nikamjibu kwa lafudhi yangu ya Dar, akanipita. Binamu akamjibu kwa ya kwao. Akaambiwa atoe kitambulisho. Akatoa. Akaulizwa babu yake alizaliwa wapi, jina hili mbona la Kirundi, shule alisoma ipi, mwalimu mkuu alikuwa nani. Halafu akaambiwa aimbe wimbo wa taifa. Mtu mzima, ana watoto wawili, kasimama kwenye maji ya magoti na gunia la mchele kichwani, akauimba. Beti mbili. Nikagundua kwamba jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake na changu ni lilelile.

Ndani ya boti nikamuuliza kama huwa inatokea. "Ukiongea kama wewe haitokei," akasema, na kunipa mkate. Nikamwelewa baba zaidi ya nilivyotaka kumwelewa.

Mama mmoja wa Burundi, mbele yetu, akatusalimia "mwiriwe", ambayo ni salamu yao ya mchana, nikamjibu bila kufikiri. Binamu akanipiga begani. Aliniambia mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipolipuka, makumi ya maelfu ya wakimbizi walimiminika Kagunga, kijiji chenye ufukwe mwembamba na mlima mgongoni, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba, ile ya Wajerumani iliyoingia majini kwa mara ya kwanza mwaka 1915, ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma. Mashirika yalikuja na wakalimani wao. Wavuvi wa pwani hii hawakuhitaji. Mtu akisema mwanawe ana kiu, walielewa ni kiu.

Tukapita Gombe. Msitu mzito unashuka mpaka majini. Jane Goodall alifika hapo Julai 1960, akafariki Oktoba 2025, na kwenye mikutano yake mikubwa duniani alikuwa anafungua kwa salamu ya sokwe, anaitoa kama wanavyoitoa wenyewe. Mwingereza kajua kusalimia sokwe, na mimi sijajua kumsalimia bibi yangu. Niliwaza hivyo kisha nikajikemea, maana kulinganisha huko kungeweza kunipatia makofi, na siyo yale ya adabu.

Mwamgongo iko mara tu baada ya hifadhi. Nyumba zimepanda mlima kama zinagombea nani aone ziwa vizuri. Watoto walitufuata kuanzia majini. Ya bibi ni ya juu, ina mchikichi mlangoni, na bibi alikuwa ameketi kivulini kwenye mkeka akichambua maharage. Amepungua. Kule Dar alinishika mashavu akiwa amesimama. Safari hii mimi ndiye niliyepiga magoti.

Nikapiga makofi yale madogo. Nikasalimia. Hakukuwa asubuhi, nilijua, lakini neno nililokuwa na uhakika nalo lilikuwa lile. "Mwakeye." Akaitikia, akapiga makofi na yeye, tukarudishiana mara nne au tano, hatuna haraka. Binamu kasimama kando na gunia lake la mchele, anasubiri zamu ya kutafsiri.

Bibi akaweka ungo pembeni. Akasema sentensi moja ndefu. Niliokota "umwana wanje", mwanangu. Mengine yalinipita. Lakini alinyamaza kwa namna ileile ya uani, ananitazama, ananingoja, na swali nililijua.

Binamu akafungua mdomo. Nikamzuia kwa mkono.

"Mawe," nikasema.

Bibi akainamisha kichwa upande kama hakusikia vizuri. Nikarudia. Halafu, kwa kuwa sikuwa na Kiha cha kusema mara nyingi, usiku kucha, siku tano, nikaanza kukunja vidole. Mawe. Mawe. Mawe. Vya mkono huu vikaisha, nikaanza vya ule.

Alinishika vidole vyote kwa pamoja akavibana. Mikono yake ilikuwa na ule ubaridi wa maharage. Hakuna aliyesema kitu, hata wale watoto. Baadaye alimwuliza binamu jambo, na binamu akanigeukia: bibi anauliza, nyie mlimjibu nini?

Nikasema ukweli. Nikaeleza ya Chanika, ya tipa, ya picha, binamu anatafsiri na mimi nachora gari kwa mikono. Nilitegemea alie. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ameelewa sawasawa, mawe yale ya kujengea, gari zima? Ee, bibi, gari zima. Akaanza kucheka. Alicheka mabega yakamtikisika, machozi yakatoka yote pamoja, akajifuta kwa pindo la khanga, akacheka tena, akamwita jirani wa nyumba ya chini aje asikie walichofanya watoto wa Dar.

Jirani alipofika, bibi akanitaka nilirudie lile neno mbele yake. Nikasema, "Mawe." Bibi akatikisa kichwa, hapana. Akanishika kidevu, akalitamka yeye, ile a ya kwanza akaivuta taratibu, akanionyesha na mdomo. Nikajaribu. Hapana. Tena. Hapana. Tena.